Madai hewa ya bima ya magari ni wizi kwa majeruhi

Mwenye gari anayejaza fomu ya madai ya bima kwa uongo anaiba. Hatutatafuta neno laini kuliko hilo. Anaiba awe ameongeza bei ya bampa, awe amembadilisha dereva, awe amesogeza tarehe ya ajali mbele ili ikute stika mpya, au awe amelisukuma gari korongoni kwa mikono yake kisha akaenda kituo cha polisi kutoa taarifa kwa uso wa huzuni. Na anayeibiwa si tajiri wa ghorofani Dar es Salaam, kama mwizi huyo anavyojiambia ili alale usingizi. Anayeibiwa ni mtu aliyegongwa usiku Nyakahura, aliyelala wodini na mguu uliovunjika, akisubiri fidia itoke katika mfuko uleule.

Tunasema haya tukizitazama wilaya za Ngara na Biharamulo, kwa sababu barabara inayozipita imebeba kuliko inavyostahili. Kutoka Nyakanazi na Lusahunga, kupitia Nyakahura hadi Benaco na kushuka Rusumo, ndiko inakopita shehena ya Ushoroba wa Kati kwenda Rwanda. Tawi linalopanda Ngara mjini hadi Kabanga hubeba mizigo ya Burundi. Kipande cha Lusahunga hadi Rusumo peke yake ni kilomita 92 za vilima na kona. Daraja jipya la Rusumo na kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, vilivyozinduliwa Aprili 6, 2016 na Marais John Magufuli na Paul Kagame, viliwapunguzia madereva foleni ya mpakani, lakini malori hayohayo bado yanagawana lami na wanafunzi wanaotoka shule, bodaboda wenye abiria wawili nyuma, na wakulima wanaokokota baiskeli zenye mikungu ya ndizi. Ajali hapa si jambo la kusikia redioni. Kila kata ina nyumba inayojua.

Kwa hiyo bima ya gari katika wilaya hizi si karatasi ya kumwonyesha trafiki. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye gari kuwa na angalau bima ndogo ili mtu wa tatu, yule ambaye hakuwekeana mkataba na mtu yeyote, akigongwa akafa au akaumia, awepo wa kumlipa hata kama mwenye gari hana kitu. Kwa gari dogo la binafsi bima hiyo imeuzwa kwa miaka mingi shilingi 118,000 kwa mwaka, kodi ikiwemo. Bima kubwa, inayolinda na gari lenyewe, hukatwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Ada hizo hukusanywa mahali pamoja, na humo ndimo anamolipwa mjane wa Lusahunga na ndimo anamolipwa mwenye Prado wa Bukoba. Anayechota kwa hila amechota humo.

Chukua uongo ambao wengi hawauhesabu kuwa uongo: kubadilisha dereva. Lori limesafiri usiku kucha, dereva amechoka, usukani amepewa utingo ambaye leseni yake haina daraja la malori, au hana leseni kabisa. Mteremko unamshinda, anamgonga mwenye baiskeli. Kabla trafiki hajafika, simu zimeshapigwa na uamuzi umeshapita: dereva mwenye leseni aseme ndiye aliyekuwa akiendesha. Tajiri anakubali kwa kuwa anajua kampuni itagoma kulipia gari lililokuwa mikononi mwa mtu asiye na leseni. Dereva anakubali kwa kuwa anahofia kibarua chake. Utingo anapakiwa basi la kwanza kwenda Kahama. Watu watatu wamekubaliana, na wote wanaamini wameokoa jahazi.

Tazama sasa kinachomfika mwenye baiskeli. Wanakijiji walimwona kijana akiruka kutoka upande wa usukani, na maelezo yao polisi yanamtaja kijana. Maelezo ya dereva yanamtaja mtu mzima. Daftari la hospitali linaonyesha kwamba aliyetibiwa kifua kwa kugonga usukani ni yule kijana, siyo yule mtu mzima ambaye hana hata mchubuko. Faili linapomfikia mkadiria hasara lina hadithi mbili ndani yake, na kampuni inapata sababu ya kusimamisha kila kitu hadi uchunguzi uishe. Kesi ya jinai nayo inayumba, kwa sababu mashahidi wa Jamhuri wakisimama kizimbani hawamtambui mshtakiwa. Miezi inapita. Familia ya majeruhi inauza ng'ombe, kisha inauza kipande cha shamba la migomba, ili mgonjwa wao apelekwe Bugando, Mwanza, kuwekewa vyuma. Sheria ya kumlinda ilikuwepo, bima ilikuwepo, stika ilikuwa hai. Haki yake ilipotezwa na watu watatu kando ya barabara, kwa mazungumzo mafupi, na hakuna hata mmoja wao aliyemkusudia ubaya.

Hilo la mwisho tunalisisitiza, maana ndilo linalofanya uovu huu uonekane mdogo. Hakuna anayekaa akapanga kumdhulumu mwenye baiskeli. Hawamfikirii tu.

Upo pia uongo wa matumizi ya gari. Gari dogo limekatiwa bima kama la binafsi, nalo kila siku linapakia abiria Benaco kwenda Ngara mjini, au Biharamulo kwenda Nyakanazi, watu saba katika viti vya watano. Siku linapopinduka, abiria wote wanageuka kuwa ndugu waliokuwa wakienda msibani. Mwenye gari huwafundisha majeruhi maneno hayo wakiwa bado wamelala kwenye machela, akiwaahidi kwamba wakiyashika watalipwa. Tunawaambia abiria hao kwa uwazi: mnafundishwa kujinyima. Mwenye gari alipoomba bima alitamka matumizi ya gari lake, na tamko hilo ni msingi wa mkataba. Likibainika kuwa la uongo, kampuni ina njia ya kwenda mahakamani kuomba mkataba utamkwe kuwa batili, na hata inapolazimika kumlipa majeruhi inaweza kumgeukia mwenye gari irudishiwe fedha zake. Abiria aliyesema uongo ili kumlinda amejiweka kundi moja na mdanganyifu, na mguu wake bado haujapona. Mwenye gari anayetaka kubeba abiria akate bima ya kubeba abiria. Ni ghali zaidi kwa sababu hatari yake ni kubwa zaidi, na hatari hiyo ni roho za watu.

Kuhusu gereji hatutakawia. Makadirio huandikwa juu ya hasara halisi ili mwenye gari arudishiwe kile kiasi ambacho mkataba unamtaka akibebe mwenyewe, na fundi apate chake. Mkunjo wa mwaka juzi huingizwa katika ajali ya wiki hii. Hudaiwa spea mpya, hufungwa iliyotumika. Mwenye gari anayeshiriki mchezo huo ajue kwamba breki atakazoshuka nazo mlima wa Rusumo ni zilezile alizozidanganyia.

Lakini uongo unaotukera kuliko wote ni wa lori lililotekwa porini. Wazee wa wilaya hizi mbili hawahitaji kusimuliwa. Baada ya vita vya Rwanda na Burundi vya miaka ya 1990, silaha zilizagaa katika mapori ya Kimisi, Burigi na Biharamulo, na kwa miaka mingi mabasi na malori yalipangwa msururu yakisubiri kusindikizwa na polisi wenye bunduki ndipo yapite. Watu waliuawa humo. Wafanyabiashara waliporwa mtaji wa maisha yao yote, na wengine hawakuinuka tena. Leo mapori hayo yameunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, tangu mwaka 2019, na abiria anayepita anatazama dirishani kutafuta twiga. Mtu anayeuza shehena yake kimyakimya kisha akaripoti kwamba ametekwa anaichukua damu ya wale waliouawa na kuifanya kielelezo cha dai lake. Anawafanya askari wapekue kijiji kisicho na hatia. Vijana wanakamatwa, wanalala mahabusu kwa unyang'anyi ambao haukutokea, na siku unyang'anyi wa kweli utakapotokea, taarifa ya kwanza itapokelewa kwa mashaka. Tunataka mahakama ziupime uongo wa namna hii kwa uzito wake wote, siyo kwa thamani ya shehena peke yake.

Na mwongo anakamatika kuliko anavyodhani. Stika ya karatasi iliyoweza kuandikwa tarehe ya jana imeondoka. Bima ya gari sasa husajiliwa katika mfumo wa TIRAMIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na mfumo huo una kumbukumbu ya wakati stika ilipotolewa. Aliyegonga saa tatu asubuhi akakimbilia kwa wakala saa sita mchana ameandika ushahidi dhidi yake mwenyewe. Lori la mizigo ya nchi jirani hufungwa kufuli ya kielektroniki ya TRA, mizani huandika uzito na muda, forodha ya Rusumo na ya Kabanga huandika nani aliingia na nani alitoka, mabasi yana kifaa cha LATRA cha kufuatilia mwendo, na kampuni ya simu inajua simu ya dereva ilikuwa karibu na mnara upi. Picha ya simu hubeba tarehe yake ndani. Hata chuma husema. Palipovunjika wiki hii hapana kutu. Rangi ya gari lililogonga hubaki kwenye lililogongwa. Gari lililosukumwa korongoni injini ikiwa imezimwa haliachi barabarani alama za matairi za mtu aliyejaribu kusimama, na dereva anayedai alikuwa ndani yake lazima aeleze kwa nini mkanda haukumwachia hata alama begani.

Mpakani ushahidi huwa mwingi zaidi, ingawa ndiko wengi wanakodhani unapotea. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ilibaki katika mpango wake wa bima ya magari wa Kadi ya Njano, ulioanza kazi mwaka 1987, na Shirika la Bima la Taifa, NIC, ndiyo ofisi yake hapa nchini. Kwa kadi hiyo, dereva wa Benaco akimgonga mtu wilayani Kirehe, ofisi ya Rwanda hushughulikia fidia ya majeruhi, kisha hudai kurudishiwa na kampuni ya Tanzania iliyotoa kadi. Mpango mzima umesimama juu ya jambo moja: kwamba faili la nchi moja linaaminika katika nchi nyingine. Sasa dereva anagonga upande wa pili wa daraja, anamalizana na aliyeumia kwa noti chache kando ya njia, anavuka, na akifika huku anadai ameligonga gogo Kasulo. Nyuma yake ameacha majeruhi asiye na faili, na daftari la polisi wa Rwanda lenye namba za gari lake. Kwa kuwa Rwanda na Burundi magari hupita kulia na sisi tunapita kushoto, hata ubavu uliobonyea unaweza kumdokezea mkaguzi mzoefu kwamba ajali haikutokea huku. Madai ya namna hiyo yakizoeleka, wenzetu wa ng'ambo watakuwa na haki ya kuzitilia shaka kadi zote zinazovuka na namba za Tanzania, hata ya dereva mwaminifu ambaye hajawahi kudanganya.

Adhabu ya kwanza hutangulia mahakama. Masharti ya kawaida ya bima ya gari husema kwamba dai lenye udanganyifu humpotezea mwenye bima haki yote, na neno yote lisomwe kama lilivyo. Tuseme gari limeumia kweli kwa shilingi milioni 6, mwenye gari akaandika milioni 9. Wengi hudhani kampuni ikigundua itakata zile 3 za nyongeza na kulipa 6. Sivyo. Anapoteza 9. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, benki itaendelea kudai rejesho la kila mwezi kwa gari lililolala gereji bila kioo. Akienda kampuni nyingine kuomba bima ataulizwa iwapo amewahi kukataliwa dai, na hapo atachagua kati ya kusema ukweli unaomwaibisha au kudanganya mara ya pili.

Ya pili ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa lenye kifungo kinachofika miaka 7. Kughushi nyaraka ni kosa, kuiwasilisha nyaraka ya kughushi ukijua ni ya kughushi ni kosa jingine, na kula njama za kutapeli husimama peke yake, hata fedha zikiwa hazijatoka. Tunawaomba wenye magari watazame nani husaini. Wakala aliyekupa wazo hakusaini popote. Fundi aliyekuza makadirio atasema aliandika alichoambiwa. Askari aliyekubali kusogeza saa ya ajali atasema aliandika maelezo ya mlalamikaji. Jina lililo chini ya fomu ya madai ni la mwenye gari, na mbele ya hakimu wa wilaya atasimama peke yake wakati waliokula naye wamegeuka kuwa mashahidi.

Anayedhani kampuni za bima hazifi aiangalie Kenya. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, Standard Assurance mwaka 2009, Blue Shield mwaka 2011. Zote zilikuwa na wateja wengi wa matatu. Hatusemi ulaghai peke yake uliziangusha, kwa kuwa uendeshaji mbovu ulifanya kazi yake pia. Lakini abiria waliodai fidia za matatu ambayo hawakuwahi kupanda, ripoti za matibabu za kununuliwa, na mnyororo wa watu wenye taaluma zao waliotengeneza nyaraka na kugawana mapato, walikuwa sehemu ya mzigo uliozilemea. Milango ilipofungwa, madai dhidi ya kampuni yalizuiwa, na majeruhi wa kweli wakabaki na hukumu zisizolipika. Kisha ikawa zamu ya wenye magari waliolipa ada zao kwa uaminifu kila mwaka: kwa kuwa kampuni haikuweza kuwalipia, madalali wa mahakama wakaanza kuwatafuta wao na mali zao. Mwaka huohuo wa 2011 Kenya ikaunda kitengo maalumu cha kuchunguza ulaghai wa bima, chenye askari polisi ndani yake. Kilikuja wakati ambapo maelfu ya watu walikuwa wameshapoteza. Tanzania haina sababu ya kulipa gharama hiyohiyo ili ijifunze somo hilohilo.

Na kabla ya kampuni kuanguka huwa kuna hatua ya katikati ambayo mwananchi wa kawaida haioni. Kampuni ikibaini kwamba njia fulani inaleta madai yasiyoaminika haiitishi mkutano wa waandishi. Inapandisha ada. Inaongeza kiasi ambacho mwenye gari atabeba mwenyewe. Wakala wake anaambiwa taratibu aachane na malori ya ukanda huo, au asikate bima kubwa kwa magari ya umri fulani. Mwenye Fuso moja wa Rulenge, anayesomesha watoto kwa gari hilo, anaambiwa hakuna anayelitaka, na hatajua kamwe kwamba ameadhibiwa kwa ujanja wa mtu wa Nyakanazi ambaye hawajawahi kuonana.

Tunajua jibu litakalotolewa, na lina ukweli ndani yake. Watu watasema kampuni nazo hudanganya. Huchukua ada kwa tabasamu na siku ya ajali huanza kuuliza karatasi moja baada ya nyingine. Humtuma mkadiria baada ya wiki nyingi, gari likiwa limeshanyeshewa na kuibiwa redio. Hutoa kiasi kisichotosha hata rangi, zikijua kwamba mtu wa Ngara hatasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwenda makao makuu kubishana. Malalamiko haya tunayachukua kwa uzito. Kampuni inayochelewesha dai halali kwa makusudi inafundisha ulaghai, kwa sababu mwenye gari akijua atapewa nusu ataomba mara mbili.

Sheria haikuziacha kampuni nje. Mwaka 1766, Jaji Mansfield wa London aliamua kesi ya Carter dhidi ya Boehm, iliyohusu ngome ya Waingereza kisiwani Sumatra iliyokatiwa bima kisha ikatekwa na Wafaransa. Ndimo ilimowekwa kanuni kwamba mkataba wa bima ni mkataba wa nia njema ya hali ya juu, kwa kuwa yanayojulikana na mkata bima mara nyingi yamefichika kwa anayempa bima. Kanuni hiyo ilifika Tanganyika pamoja na sheria za Kiingereza na ingali hapa. Wanasheria wa kampuni huipenda sana siku ya kukataa dai. Nao wakumbushwe kwamba katika kesi hiyohiyo mwenye bima ndiye aliyeshinda: Mansfield alikataa kumruhusu mtoa bima apokee ada akijua hali ilivyo, au akiwa na uwezo wa kuijua, kisha ajifiche nyuma ya kanuni siku ya kulipa. Nia njema inazifunga pande zote mbili, na imekuwa hivyo kwa zaidi ya miaka 250. Aliyedhulumiwa na kampuni ana TIRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, ana Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na ana mahakama. Njia hizo ni ndefu kwa mtu wa Murusagamba, hatubishi. Bado zinamwachia haki yake mkononi. Dai la uongo linamnyang'anya hata ile aliyokuwa nayo.

Kwa hiyo kampuni zinazouza bima Ngara na Biharamulo ziweke mkadiria hasara wa kudumu katika ukanda huu, Benaco au Nyakanazi, anayeweza kufika penye ajali siku hiyohiyo kabla gari halijasogezwa na maneno hayajapangwa. Mkadiria anayefika mapema huzuia uongo, na pia huharakisha malipo ya aliye mkweli. Kampuni inayosema gharama hiyo ni kubwa haistahili kuchukua ada za barabara hii. TIRA iwatazame mawakala wanaofanya kazi kando ya stendi na vituo vya mafuta, na anayebainika kufundisha wateja uongo anyang'anywe leseni na atangazwe kwa jina, wilayani, mahali wateja wake watakapolisoma.

Kwa Jeshi la Polisi tunasema kwa ukali zaidi. Dai la bima ya gari halisogei bila fomu zenu: PF 90, PF 93 na PF 115. Ripoti ya ajali, ukaguzi wa gari na ramani ya tukio hutoka mikononi mwa askari, na ulaghai mwingi wa namna tulioueleza hauwezekani bila askari mmoja kufumba jicho. Mkuu wa usalama barabarani wa kila wilaya ahakikishe gari linakaguliwa penye ajali, siyo kwa maelezo ya mwenye gari siku nne baadaye. Jina la aliyekutwa kwenye usukani liandikwe pamoja na majina ya wanakijiji waliomwona. Na hospitali za Murgwanza, Rulenge, Nyamiaga na Biharamulo ziulizwe nani alitibiwa nini kabla faili halijafungwa. Askari anayeuza saa, tarehe au jina la dereva anauza ushahidi wa majeruhi, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa inamhusu sawasawa na mnunuzi wake. TAKUKURU wana ofisi katika wilaya zote mbili. Wasingoje kuletewa.

Wako wenye magari ambao wakati huu wana faili la uongo ambalo halijalipwa. Wengine waliingia kwa ushauri wa jamaa, wengine kwa hasira ya kucheleweshwa, wengine kwa tamaa tu. Hao tunawaambia walifute. Kulifuta hakuondoi kosa lililokwishafanyika, na hatuwaahidi kwamba hakuna atakayewauliza. Lakini fedha zisipotoka, kosa la kujipatia fedha kwa udanganyifu halijakamilika, na majeruhi aliyekwama kwa sababu ya faili hilo anaweza kuanza kushughulikiwa upya kwa maelezo ya kweli. Barua ya kufuta dai ni ya ukurasa mmoja: namba ya gari, namba ya bima, tarehe ya ajali, na maneno kwamba maelezo yaliyotolewa awali hayakuwa sahihi, pamoja na jina la aliyekuwa akiendesha kweli. Nakala moja ipelekwe kampuni, nyingine kituo cha polisi kilichofungua jalada, na ipelekwe wiki hii.